Mfungwa Aliyehepa Kambi ya Nanyuki Akapanda Mlima Kenya, Kisha Akarudi Jela Mwenyewe

Stori za watu kuhepa jela tunazijua. Msee anachimba shimo, anaruka ukuta, anapotea, na mwisho wake ni ama hajapatikana mpaka leo ama amerudishwa na pingu mkononi. Ya Felice Benuzzi haiko hivyo. Huyu Mtaliano alihepa kambi ya wafungwa wa vita pale Nanyuki mnamo Januari 1943, akapanda Mlima Kenya na wenzake wawili wakitumia vifaa vya kujitengenezea, wakachapwa na baridi na njaa, halafu wakarudi kambini kwa miguu yao na kujisalimisha. Hakuna mtu aliyewashika. Na hiyo ndiyo ilikuwa plani tangu siku ya kwanza.

Sisi wa Nyeri, Karatina, Naro Moru na Nanyuki tunauona huo mlima karibu kila asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika. Lakini simama hapo stage ya Nanyuki uulize vijana kumi Benuzzi ni nani, na utaambiwa pengine ni beki wa Juventus. Si makosa yao. Kitabu chake kinajulikana sana na watu wanaopanda milima huko Ulaya kuliko watu wanaoishi chini ya mlima wenyewe.

Benuzzi alizaliwa Vienna tarehe 16 Novemba 1910. Baba yake alikuwa Mtaliano, mama Mwaustria, na akalelewa Trieste, mji wa bahari ulio karibu na milima. Akiwa kijana alikuwa anapanda milima ya Julian Alps na Dolomites kila akipata nafasi. Alikuwa pia muogeleaji wa maana, mpaka akawakilisha Italia kwa mashindano ya kimataifa miaka ya thelathini. Akasoma sheria Roma. Mwaka wa 1938 akaoa Stefania, na mwaka huo huo akapata kazi kwa serikali, idara ya makoloni, akatumwa Addis Ababa.

Hapa lazima tuambiane ukweli, kwa sababu watu wengi wakisimulia hii stori huwa wanaruka hiyo sehemu. Benuzzi hakwenda Ethiopia kama mtalii. Italia ya Mussolini ilikuwa imevamia Ethiopia 1935, ikatumia hata gesi ya sumu, ikaingia Addis Ababa Mei 1936. Februari 1937 Wataliano waliua watu ovyo mitaani katika huo mji baada ya jaribio la kumuua gavana wao. Mwaka uliofuata ndio Benuzzi anafika na karatasi zake za kazi. Hakuwa jenerali, alikuwa karani wa ngazi fulani katika serikali ya wavamizi. Lakini alikuwa ndani. Weka hiyo mfukoni, tutaihitaji mbele.

Raha ya Wataliano haikudumu. Mapema 1941 majeshi ya Mwingereza yaliingia Ethiopia kutoka pande kadhaa, na ndani yake kulikuwa na vijana wetu wa KAR, wakisaidiana na Waethiopia waliokuwa hawajawahi kuacha kupigana. Addis Ababa ikaanguka Aprili, Haile Selassie akarudi Mei, na Benuzzi akajikuta mfungwa. Yeye na maelfu ya Wataliano wengine wakaletwa Kenya.

Kama uko Nyeri, alama zao umezipita mara nyingi. Lile kanisa la ukumbusho la Wataliano kule Mathari ndilo limehifadhi mabaki ya mamia ya wanajeshi wao. Ndani yake amelazwa pia Amedeo, Duke wa Aosta, aliyekuwa mkubwa wao wote kule Ethiopia. Alikufa Nairobi akiwa mfungwa, Machi 1942. Na kile kikanisa kidogo kando ya barabara ukiteremka Mai Mahiu, kile matatu hupita kwa spidi abiria wakishika viti, kilijengwa na wafungwa wa Kitaliano mwaka huo wa 1942.

Benuzzi naye akatupwa Kambi nambari 354, Nanyuki. Vibanda, matope, seng'enge, na watu wengi wasio na la kufanya. Vita viko mbali, na havina tarehe ya kuisha. Mfungwa wa kawaida anahesabu siku zilizobaki, lakini mfungwa wa vita hana hesabu. Pengine ni miezi sita, pengine ni miaka kumi. Kuna waliokuwa wanalala mchana kutwa, kuna waliocheza karata mpaka karata zikaisha rangi, kuna waliogombania vitu vya kijinga kabisa. Kama umewahi kutoka shule ukakaa kwenu ukingoja kitu ambacho hakisemi kinakuja lini, hiyo hali unaielewa bila kuambiwa. Mimi nilikaa hivyo miezi kadhaa baada ya kuachana na koleji, na ninakuhakikishia si njaa inayomaliza mtu. Ni vile Jumanne inafanana na Alhamisi.

Walipofika Nanyuki ilikuwa msimu wa mvua, na mlima ulikuwa umejificha kabisa. Benuzzi alijua uko hapo lakini hakuwa ameuona. Halafu asubuhi moja mapema mwenzake akamwamsha atoke nje haraka. Mawingu yalikuwa yamepasuka, na Batian ilikuwa imesimama juu ya kila kitu, nyeusi na barafu yake, ikimetameta. Baada ya muda kidogo ikafunikwa tena. Kwa mtu aliyekulia milimani, basi ilikuwa imekwisha. Kuanzia hiyo asubuhi akawa na kitu cha kufikiria akiamka, na kitu cha kufikiria akilala.

Kuhepa kwenda nyumbani ilikuwa ndoto. Nchi ya karibu ambayo haikuwa vitani ilikuwa Msumbiji ya Wareno, na kufika huko ungehitaji kukatiza Tanganyika yote ukiwa mzungu bila karatasi, bila doh, bila lugha. Walijaribu wachache, wakarudishwa. Kwa hivyo Benuzzi akapiga hesabu tofauti. Kama siwezi kuhepa nikafika kwetu, naweza kuhepa nikafika pale juu. Halafu nirudi.

Sasa, kupanda Batian si mchezo. Ina mita 5,199, na karibu nayo ni Nelion, mita 5,188. Mtu wa kwanza wa kutoka Ulaya kufika hapo juu alikuwa Halford Mackinder, 1899, na alikuwa na wataalamu wawili wa milima ya Alps, msafara mkubwa wa wapagazi na vifaa vizuri. Benuzzi alikuwa na blanketi.

Hapa ndipo stori inanoga. Kwa miezi mingi walikusanya vitu moja moja. Sigara ndizo zilikuwa pesa kambini, kwa hivyo ukitaka fundi akushonee nguo nzito za blanketi, unalipa sigara. Wakapata nyundo mbili, zikageuzwa kuwa mashoka ya barafu. Vyuma vya meno, vile vinavyofungwa chini ya viatu ili usiteleze kwa barafu, vikatengenezwa kwa mabati ya magari mabovu na seng'enge. Yaani ile ile seng'enge ya kuwafungia ndani ndiyo ilikuwa inaenda kuwashika kwa barafu. Kamba wakafungua zile za katani zilizosukwa kwa vitanda vyao. Chakula wakajinyima kidogo kidogo kutoka kwa mgao wao, wakaficha.

Na ramani? Hawakuwa nayo. Walichokuwa nacho ni picha ya mlima kwenye karatasi ya mkebe wa nyama, Kenylon, iliyokuwa inauzwa nchini wakati huo. Wakaisoma hiyo picha kama Biblia. Shida ni kwamba ilionyesha mlima kutoka upande mwingine, si upande ambao wao wangeupandia. Jua kali au baridi kali, wao walikuwa wanaenda na hicho.

Wenzake walikuwa wawili. Giovanni Balletto alikuwa daktari, na alikuwa anajua milima, huyo alikuwa wa kutegemewa. Wa tatu, Vincenzo Barsotti, hakuwa mpanda milima hata kidogo. Kazi yake ingekuwa kulinda kambi ya chini wakati wengine wanapanda. Alichaguliwa kwa sababu kambini alijulikana kama mtu ambaye kichwa chake hakiko sawa sana, na kwa plani kama hii, huwezi kuchukua mtu mwenye akili zote.

Wafungwa waliruhusiwa kulima shamba la mboga nje ya seng'enge, na geti la huko lilikuwa na kufuli. Wakapata ule ufunguo kwa muda mfupi tu, wakaukandamiza kwenye lami kupata umbo lake, na fundi akachonga mwingine. Tarehe 24 Januari 1943, siku ya Jumapili, wakatoka.

Safari ya kwanza ilikuwa ya usiku, kukwepa mashamba ya masetla na mtu yeyote mwenye macho. Wakaufuata Mto Nanyuki kupanda juu, wakiingia msituni. Wewe mwenyewe unajua huo msitu. Mianzi iliyobanana, matope, giza la mchana, na wenyewe wa huko ni ndovu, faru na chui. Watu watatu bila bunduki, wamebeba mizigo mizito migongoni, wanasikia matawi yakivunjika mbele na hawajui ni nani. Ndovu waliwapata kwa njia nyembamba, ni Mungu tu. Barsotti akaanza kuugua njiani, na kila siku ikawa mbaya zaidi, lakini hakukubali kurudi.

Wakatoka msituni, wakapita nyasi za juu na ile mimea mikubwa ya ajabu inayofanana na kabichi juu ya nguzo, na sasa barafu iko mbele yao wazi. Wakaweka kambi. Barsotti akabaki hapo, mgonjwa. Tarehe 4 Februari, Benuzzi na Balletto wakaijaribu Batian kwa tuta la kaskazini-magharibi.

Mlima ukawafukuza. Hiyo njia ni ngumu hata kwa mtu aliyekula vizuri na mwenye kamba ya ukweli. Hawa walikuwa na kamba ya kitanda. Walipanda mpaka mahali ambapo mwamba ulikataa, halafu theluji ikaanza kuanguka, vidole vikafa ganzi, na wakaelewa kwamba hatua inayofuata ni ya kufa. Wakateremka kwa saa nyingi, wakafika kambini usiku wakiwa hawana chochote mwilini.

Wangeweza kurudi hapo. Chakula kilikuwa kinaisha. Lakini baada ya kupumzika siku moja, tarehe 6 Februari wakapanda Lenana, kilele cha tatu, mita 4,985. Wakafika. Wakasimika bendera ya Italia waliyoishona kambini, wakaacha chupa yenye majina yao, wakateremka. Wapanda mlima waliofika Lenana baadaye wakakuta bendera ya adui inapepea juu ya koloni la Mwingereza, na hakuna mtu aliyewaambia kuna vita huko juu.

Kurudi ndiko kulikuwa kubaya kuliko kupanda. Chakula kilikuwa kimeisha kabisa. Walikuwa wanatembea wakiota mkate. Wenye njaa watatu, mmoja mgonjwa, wanakaza mwendo kuelekea jela kwa sababu jela ndiyo iko na dishi. Tarehe 10 Februari wakaingia kambini kwa siri ile ile waliyotoka nayo, halafu wakajitokeza.

Mkuu wa kambi akawapa siku 28 za seli. Walikaa 7. Mwingereza alisikia hiyo stori, akaiona ni michezo, ushujaa wa kiungwana, akawapunguzia. Watu walicheka. Benuzzi alibaki mfungwa mpaka vita vikaisha, na akarudishwa kwao 1946.

Mwaka uliofuata akatoa kitabu kwa Kitaliano, Fuga sul Kenya. Halafu akakiandika upya mwenyewe kwa Kiingereza, na kikatoka London 1952 kwa jina No Picnic on Mount Kenya.

Angalia huo mwaka vizuri. 1952.

Oktoba 20 ya mwaka huo ndiyo gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari Kenya. Ina maana wakati watu wa London walikuwa wamekaa kwa viti vyao wakisoma, wakicheka, wakishangilia wanaume watatu waliojificha kwa msitu wa Mlima Kenya bila ruhusa ya serikali, serikali yao ilikuwa inajiandaa kuua wanaume wengine kwa kosa hilo hilo, msitu huo huo. Mwaka wa 1953 msitu ukatangazwa eneo lililokatazwa. Ukionekana ndani unapigwa risasi, na hakuna kuulizwa. Baadaye wanakijiji, wengi wao akina mama, wakalazimishwa kuchimba mtaro mrefu kando ya msitu, wenye miti iliyochongwa ndani, ili walioko juu wasipate chakula kutoka chini. Njaa aliyoijua Benuzzi kwa siku chache za mwisho, wao waliishi nayo miaka.

Waruhiu Itote, tunayemjua kama General China, ndiye aliongoza wapiganaji upande wa Mlima Kenya. Kijana wa Mukurwe-ini, amepigania Mwingereza Burma kwa vita hivyo hivyo vilivyomfunga Benuzzi. Alikamatwa Januari 1954. Hakuna mtu aliyemwambia amefanya michezo. Alihukumiwa kunyongwa, akaponea kwa sababu Mwingereza alimtaka azungumze na wenzake, na akakaa kizuizini mpaka 1962. Dedan Kimathi, upande ule mwingine wa Nyandarua, hakuponea. Alipigwa risasi na kushikwa karibu na Nyeri Oktoba 1956, akanyongwa Februari 1957, na kaburi lake watu walitafuta miaka na miaka.

Sisemi Benuzzi ndiye aliyetunga hizo sheria. Wakati huo alikuwa mwanadiplomasia wa nchi yake, yuko mbali na Kenya. Na kitabu chake hakina majigambo, hiyo namsifu. Anajicheka, anaonyesha woga wake, anampenda Barsotti na ujinga wake wote. Ninachosema ni kwamba siku 7 zile zilikuwa bei ya mzungu. Karani wa wavamizi wa Ethiopia, mfungwa wa vita, adui rasmi wa Mwingereza, akishikwa msituni anapewa tabasamu. Mwenye nchi akishikwa humo anapewa kamba, na si ya katani.

Na tuongeze kitu kingine. Kwa Wakikuyu huo mlima ni Kirinyaga, kiti cha Ngai. Wazee walisimama wakiutazama wakiomba, na Jomo Kenyatta alikiita kitabu chake cha 1938 Facing Mount Kenya kwa sababu hiyo. Majina ya Batian, Nelion na Lenana yenyewe yalitolewa na Mackinder kwa heshima ya malaiboni wa Kimaasai, Mbatian, Neelieng na Olonana. Kwa hivyo hata kilele ambacho Benuzzi alishindwa nacho kina jina la Mwafrika, lililoandikwa na Mwingereza vile alivyolisikia.

Baada ya hapo maisha ya Benuzzi yalikuwa ya suti. Alifanya kazi za ubalozi Australia, Pakistan, Ufaransa na Ujerumani, akamalizia kama balozi wa Italia Uruguay, na akastaafu 1976. Alikufa Roma Julai 1988. Miaka sita baadaye ikatoka filamu, The Ascent, na kama kawaida ya filamu waliongeza mapenzi na risasi ambazo hazikuwepo. Kitabu ni bora mara kumi.

Bendera za Lenana nazo zina mwendelezo. Miaka 20 na miezi 10 baada ya ile ya Wataliano, usiku wa uhuru Desemba 1963, kijana mpanda milima aitwaye Kisoi Munyao alikuwa huko juu kwa baridi ile ile, amebeba bendera mpya ya Kenya. Yeye hakuhitaji ufunguo wa lami. Alitumwa na nchi, na dunia ikatangaziwa.

Siku hizi watu huingia kwa geti la Sirimon, ama Naro Moru, ama Chogoria, wanalipa KWS, wanakodi koti na buti hapo mjini, na wanaamshwa saa tisa usiku ndio wafike Lenana jua likitoka. Huko juu kuna baridi ya kukata pua, na watu hukaa dakika chache tu, wanapiga selfie, wanateremka. Ukifika, kabla hujateremka, angalia upande wa kaskazini-magharibi. Ukiwa na bahati mawingu yawe chini, utaona uwanda wote mpaka Nanyuki, na utaona vile ni mbali kutembea na kiatu cha kushona kambini.